Kura ya Mtu Anayejificha

Ile habari ya kwamba Zuhura wa Bungu ameolewa Geita na mwenye shimo la dhahabu niliianzisha mimi. Nimeikana kwa miaka. Niliikana mbele ya bosi wangu huku nimeshika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Niliikana mbele ya mume wangu, ambaye hata hakuwa ameniuliza. Leo nasema: ni mimi. Ila dhahabu siyo yangu. Mimi nilisema tu kwamba Zuhura amekwenda Kanda ya Ziwa kwa shangazi yake. Ndoa na shimo viliongezwa na watu wengine, mahali fulani kati ya soko la Lushoto na stendi ya Soni.

Nawaandikia nyie mlioajiriwa juzi juzi kwenye ustawi wa jamii, mnaokuja kwangu na madaftari mapya kuuliza jinsi tulivyofanya kazi zamani. Mimi nilistaafu kwa hiari, mapema kidogo, na tangu hapo naandika makala ambazo ndugu zangu wanasema wamezisoma. Nikiwaeleza ana kwa ana nachanganya mambo. Basi nieleze hapa, nichanganye kwa utulivu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa na magurudumu manne. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ambayo mama yangu aliitundika sebuleni juu ya redio. Mama mmoja wa kijiji cha juu ya Soni alikuwa ameleta malalamiko kwa siri: mumewe anampiga. Nikaenda kumwona kwa gari la halmashauri, lile lenye maandishi mlangoni, nikaliegesha mbele ya nyumba yake. Milima yetu mnaijua. Gari likipanda upande huu, watu wa upande wa pili wanaacha jembe waangalie linakwenda kwa nani. Nilipokaribishwa ndani, mteremko wote ulikuwa umejua. Yule mama alinipa chai, akasema kwake ni kwema, mume mzima, watoto wazima, mbuzi wazima. Nikarudi ofisini nikaandika kwamba hakuna tatizo.

Bi Tatu, aliyekuwa mkubwa wangu wa kazi, alisoma nilichoandika akavua miwani.

"Wewe msomi," akasema, "ulikwenda kumwona au ulikwenda kumtangaza?"

Tangu siku ile nilikwenda kwa miguu, na kapu. Ukiwa na kapu wewe ni mtu wa kununua vitu, na mtu wa kununua vitu anaingia kila nyumba. Nilinunua viazi, nilinunua maharage, msimu ukifika nilinunua matunda, plamsi na pichesi, mpaka watoto wangu wakaomba nibadilishe kazi. Bi Tatu alinifundisha pia kutouliza. Ukimwuliza mwanamke anapigwa, atasema hapana, hata kama shavu limevimba. Kaa chini, chambua naye maharage, zungumza habari za kuni na mvua. Maharage yakikaribia kwisha ataanza kusema mwenyewe, kwa kuwa anajua ukimaliza utaondoka.

Halafu zikaja simu za mkononi, tukadhani shida zetu zimekwisha. Wanawake wengi walihifadhi namba yangu, lakini si kwa jina langu, maana waume waliziangalia simu zao. Mmoja alinihifadhi kama Fundi Cherehani. Tulijiona wajanja sana. Siku moja nikapokea simu yake, nikasikia sauti ya kiume.

"Fundi, suruali yangu umefikia wapi?"

Kumbe mkewe, kila alipokuja kuniona, alimwambia anapeleka suruali kwa fundi. Nikajibu kitu cha kwanza kilichonijia, njoo Alhamisi. Basi ikabidi tutafute fundi wa kweli karibu na soko, tumwombe apokee suruali ya mtu asiyemjua, aishone, akae kimya. Mume alikuja Alhamisi, akaijaribu, akaisifu. Baada ya hapo nikawaambia wanawake wanihifadhi kama Bibi wa Dawa za Minyoo. Hakuna mwanamume aliyewahi kumpigia huyo.

Nawaeleza haya ili mjue kwamba Zuhura aliponijia nilikuwa nimeshakosea vya kutosha, na bado nilikuwa na nafasi ya kukosea vipya.

Alikuja na mtoto mgongoni na mkono mmoja umefungwa kwa khanga. Alikuwa ameolewa Bungu na mtu anaitwa Rajabu. Huo mkono ulikuwa kazi ya Rajabu; zaidi ya hapo nawaachia wenyewe. Kwa kuwa hatukuwa na nyumba maalumu ya kuwahifadhi watu kama yeye, nilimpeleka kwa Bi Mwanahamisi, mjane mwenye bustani ya kabichi na karoti bondeni chini ya mji. Zuhura akawa anaosha karoti kijitoni na kuzifunga mafungu ya kupeleka sokoni. Rajabu alidhani mkewe amerudi kwao Zirai. Alikwenda huko mara mbili, na mara zote mbili mama mkwe wake alimweleza anavyomfikiria. Baada ya hapo akapumzika. Hesabu yangu ilikuwa kwamba watu wa Bungu wakiwa na shughuli wanateremka Korogwe, hawapandi Lushoto. Bonde likatulia. Mtoto akaanza kutembea kati ya matuta ya kabichi, na Zuhura akaanza kuimba akiosha karoti.

Ndipo ukaja mwaka wa uchaguzi.

Mpiga kura akihama, mnajua, anakwenda kituo cha kuandikisha cha mahali anapoishi sasa, taarifa zake zinahamishwa, anapewa kadi mpya. Baadaye majina yanabandikwa ukutani ili kila mtu akague. Ni jambo jema. Anayeona jina lake limekosewa anasema, anayeona jina la marehemu anasema. Waliolipanga hawakumfikiria vibaya mtu yeyote. Lakini nyie ni watu wa huku, mnajua karatasi ikibandikwa kwenye ukuta wa kwetu inavyosomwa. Haisomwi kimya. Siku ya gulio watu wameshauza, wanasubiri gari la kurudi, hawana la kufanya. Mmoja anasimama mbele ya ukuta na kusoma kwa sauti, wengine wanatia maneno: huyu si yule mtoto wa fulani, huyu alikwisha kuolewa, huyu ana deni langu. Matokeo ya darasa la saba, matangazo ya mnada, majina ya wapiga kura, vyote vinasomwa hivyo hivyo, kama habari ya saa mbili.

Kwa hiyo nilimshauri Zuhura aache kura mwaka ule. Nilizungumza kwa muda, kwa maneno ya semina. Nikasema usalama kwanza, nikasema uchaguzi utarudi tena, nikasema kura moja haigeuzi mlima. Yeye aliendelea kuosha karoti. Nilipomaliza akaniambia kwamba kule Bungu kadi yake ilikaa kwenye mfuko wa koti la Rajabu, pamoja na kadi ya Rajabu. Siku ya kura Rajabu alimpa kadi mlangoni mwa kituo, akamwambia cha kufanya, akamsubiri nje, akaichukua tena. Tangu apate umri wa kupiga kura, alikuwa hajawahi kuipiga yake.

"Mama," akasema, "mimi nimekimbia nyumba. Nchi sijaikimbia."

Nilikuwa na shahada, nilikuwa na vyeti vya semina, nilikuwa na kapu. Nikaliweka chini, nikaanza kuosha naye karoti.

Tukapanga. Na hapa nawaomba msinicheke, au nichekeni, nimeshazoea. Mimi ndiye niliyepanga aende kituoni amevaa nikabu. Niliiazima kwa mpwa wangu wa Tanga mjini, kule inavaliwa na haigeuzi shingo ya mtu. Sikukumbuka kwamba kwetu wanawake wanajifunga khanga na mtandio, uso uko wazi, na nikabu tunaiona kwa mgeni tu. Nikachagua pia siku ya gulio, nikidhani umati utamficha. Kwa hiyo Zuhura akapita katikati ya soko la Lushoto, kwenye matope, amefunikwa mwili mzima kwa nguo nyeusi na chini amevaa mabuti ya shambani ya Bi Mwanahamisi. Kila mtu aligeuka. Muuza vitunguu mmoja aliniuliza kama ni mke wa balozi.

Kituoni mambo yalikwenda vizuri. Alionyesha uso wake pale pa kupigia picha, akaweka vidole, akapewa kadi. Akaitia kifuani. Tulikuwa tunarudi, tumeshapita magunia ya kabichi, nilipomwona Zuhura amesimama ghafla, amekunja goti.

"Shikamoo baba."

Mbele yake alikuwa mzee mwenye kofia na koti la kijivu, ameshika mkungu mdogo wa ndizi.

"Marahaba, mwanangu," akaitikia. "Mtoto hajambo?"

"Hajambo, baba."

"Haya," akasema, akaendelea na ndizi zake.

Huyo alikuwa Mzee Mbwana, baba mkubwa wa Rajabu, aliyemlea Rajabu tangu baba yake afariki na kumpelekea posa Zuhura. Hakuwa amekuja Lushoto kwa gulio. Alikuwa amekuja kumtembelea binti yake aliyeolewa mjini, jambo ambalo hesabu zangu za Korogwe hazikuwa zimeligusa.

Nilimvuta Zuhura nyuma ya choo cha soko nikamwuliza ana akili gani. Nikamwambia, uso wako wote umefunikwa, ungepita tu, asingekujua kamwe.

"Ni kweli mimi nilikuwa nimefunikwa," akasema. "Lakini yeye hakufunikwa. Ningempitaje baba mkwe kama gogo?"

Ningemgombeza zaidi, lakini nilijua kwamba hata mimi nisingeweza kumpita. Tumelelewa hivyo. Mtu wa kwetu anaweza kuiacha nyumba, mume na mali yake yote, asiweze kumwacha mzee bila shikamoo.

Sasa mzee amejua Zuhura yuko Lushoto, na akirudi Bungu atasema. Nikaamua kuzichafua habari zake kabla hajafika. Nilikwenda kwa Mama Karoti, muuzaji aliyekuwa ananunua mafungu ya Bi Mwanahamisi, mwanamke mwenye moyo mzuri na mdomo ambao haukuwahi kufunga duka. Nikanong'ona kwamba yule Zuhura alikuwa anapita tu, ameshapanda basi kwenda Kanda ya Ziwa kwa shangazi yake. Nikamwapisha asimwambie mtu. Ukitaka habari iende haraka kwetu, hicho kiapo usikisahau.

Ilikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Kabla ya gulio lililofuata ilikuwa imeshanirudia ofisini, imeota nyama. Bosi wangu aliniuliza kama ni kweli kuna mke wa mtu kutoka Bungu ameolewa Geita na mwenye shimo la dhahabu, na kama ofisi yetu ilihusika kumsafirisha. Hapo ndipo nilipokana, mara ya kwanza kati ya nyingi.

Nikaenda hata kwa Mzee Mbwana mwenyewe, alipokuwa bado kwa binti yake, kumpelekea uwongo huo huo mkononi. Nikamwamkia, nikaketi, nikajitambulisha kwa kazi yangu, nikasema yule binti uliyemwona alikuwa safarini. Alinisikiliza bila kunikatiza. Binti yake alileta chai. Mzee akaikoroga kwa muda mrefu.

"Geita ni mbali," akasema mwishowe.

Mimi sikuwa nimetaja Geita. Kumbe imeshafika. Kisha akaniomba namba ya simu, kama itatokea haja. Nikampa, na jina langu halisi, kwa sababu uwongo ulikuwa umeniishia.

Tatizo la uwongo wangu halikuwa kwamba haukuaminiwa. Rajabu aliuamini wote. Mtu ambaye alikuwa amekaa kwake ametulia, anasubiri mke achoke arudi, sasa amesikia mkewe ameolewa na tajiri bila talaka. Akawaka. Alizunguka Bungu nzima akisema ataonyesha yeye ni nani. Nilikwenda kumweleza Bi Tatu, ambaye alikuwa ameshastaafu na anafuga kuku. Alinisikiliza huku anawatupia mahindi.

"Umeshamtafutia mume," akasema. "Sasa mtafutie na mahari."

Majina yakabandikwa. Kabla ya hapo nilikuwa nimekwenda kwa kijana aliyesimamia uandikishaji kwa upande wetu, nikamweleza habari bila kutaja jina: kuna mwanamke, kuna mtu anamtafuta, je, jina lake linaweza lisitokee ukutani? Alikuwa mtu mwema. Akaniambia hana uwezo wa kulificha jina la mpiga kura, kwa kuwa hao wanaokagua ndio wanaoulinda uchaguzi. Akaniambia angeuliza juu. Lakini jibu lingehitaji muda, na mimi nilikuwa nimekwenda kuuliza wakati kadi iko kifuani kwa mtu tayari. Nyie msifanye hivyo. Akija kwenu mtu aliyekimbia nyumba na anataka kuandikishwa, ulizeni kabla hajaketi mbele ya kamera. Ulizeni jina litaonekana wapi, na nani, na kuna namna gani ya kumlinda. Mwambieni yeye mwenyewe jibu lote, hata kama ni baya, kisha mwacheni aamue. Mimi nilimficha Zuhura kwa nikabu kumbe nilikuwa nampeleka ukutani.

Nilipomwambia Zuhura kwamba jina halitafichwa, nilitarajia alie. Alimnawisha mtoto uso, akasema, "Basi nitabandikwa."

Jina lake lilisomwa Alhamisi. Aliyelisoma ni dada mmoja wa Bungu aliyeolewa huku, tena kwa furaha tupu, kama mtu aliyekutana na jirani ugenini. Akasema kumbe Zuhura yuko hapa hapa, na sisi tunaambiwa Geita. Akawapigia ndugu zake simu palepale. Mama Karoti alikuwepo, na lazima niseme haki yake: aliacha karoti zake mezani akaja ofisini mbio kuniambia. Baada ya siku chache akaja tena, safari hii akitembea polepole. Rajabu alikuwa amesema mbele ya wanywa kahawa kwamba hatahangaika kugonga milango ya Lushoto. Atakuja siku ya kupiga kura. Atasimama karibu na kituo, atamsubiri mkewe kwenye mstari, na atamrudisha nyumbani watu wakiona.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo halikuwa kwenye semina yoyote niliyohudhuria. Mtu aliyejificha anaweza kubadilisha njia, soko, namba ya simu na saa za kuteka maji. Siku ya kura hana cha kubadilisha. Anayemtafuta anaijua siku, anakijua kituo, na anajua kwamba atasimama mahali pamoja mpaka zamu yake ifike.

Tulifanya tulichoweza, na haya yaandikeni kwenye hayo madaftari mapya. Nilimwona askari aliyepangiwa kituo kile mapema, nikamweleza uso kwa uso, si kwa simu. Wazee, wajawazito na wanaonyonyesha hawapangi mstari mrefu, wanaruhusiwa mbele, na mtoto wa Zuhura alikuwa bado ananyonya akikumbuka. Bi Mwanahamisi angeshikwa mkono na Zuhura, wapite pamoja. Wanawake wa bondeni wangekwenda mapema, wengine mbele yao, wengine nyuma. Mama Karoti nilimpa kazi ya kuangalia magari yanayopanda, kazi ambayo angeifanya hata bila kuombwa. Bi Tatu alijiandikisha mwenyewe kwenye msafara.

"Nitakuja na fimbo," aliniambia. "Ni ya kutembelea. Kwa sasa."

Asubuhi yenyewe ukungu ulikuwa umelala bondeni, kabichi hazionekani. Nilifika kwa Bi Mwanahamisi nikakuta wanawake wameshajaa uani, wamevaa khanga zao nzuri. Bi Mwanahamisi alikuwa ameketi kwenye kiti na kadi yake mkononi, amevaa kama mtu anayekwenda harusini. Zuhura alikuwa kizingitini. Amevaa gauni safi, amejitanda mtandio, uso uko wazi. Viatu vilikuwa pembeni yake, hajavivaa.

Nikaketi naye. Hakunitazama.

"Nikienda, atanishika mbele ya watu," akasema. "Nikibaki, amenipigia kura yangu tena. Na safari hii hata kadi hakuishika."

Nilikuwa na sentensi tayari mdomoni. Nilikuwa nataka kumwambia abaki. Mama Karoti alikuwa ameshapiga simu kutoka barabarani, haoni mtu wa Bungu kwenye gari lolote, lakini magari yalikuwa mengi na ukungu mzito, na mimi nilimfikiria Rajabu ameshafika tangu jana, amelala kwa mtu, amesimama nyuma ya nyumba fulani karibu na kituo. Wanawake uani walikuwa wananingoja mimi, msomi. Simu yangu ikalia. Namba siijui.

"Unazungumza na Mbwana wa Bungu," sauti ikasema. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto wangu, za mvua ya Lushoto. Nilijibu zote. Mzee huwezi kumharakisha. Ndipo akasema, "Rajabu niko naye hapa kwangu. Nimeitisha kikao cha ukoo."

"Leo, baba?"

"Leo. Wazee wote wameshafika, tunangoja chai. Habari ya kikao ni yeye na mkono wa mke wake. Nitafungua kwa dua, na mwaka huu tuna marehemu wengi wa kuombewa. Hawezi kuinuka kabla yangu, mwanangu. Na mimi miguu inaniuma, nikishaketi siinuki upesi."

Nikamwuliza, na sijui kwa nini jambo hilo ndilo lililonijia, kura ya Rajabu je? Maana vituo vingefungwa jioni.

"Ameshapiga. Nilikwenda naye kituo kilipofunguliwa, nikamsubiri nje. Haki yake nimempa. Huyo binti yuko karibu? Mpe simu."

Nilimpa Zuhura. Alisimama kuipokea. Alisema shikamoo, kisha akasikiliza kwa muda mrefu, anaitikia ndiyo baba, ndiyo baba, hajambo, ndiyo. Sijui mzee alimwambia nini, na sikuwahi kumwuliza. Alipomaliza alinirudishia simu, akaketi tena kizingitini, akavaa kiatu kimoja, akavaa cha pili. Akanitazama.

"Mama, kalamu wanatoa wenyewe kule ndani, au niende na yangu?"